Injini Inazunguka Lakini Haiwaki: Deni la Mjomba na Mzee wa Koyama

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, leo tunapenda kuwasimulia kisa kilichotupata sisi ndugu watatu, wanaume wawili na dada yetu. Kisa chenyewe ni cha gari bovu. Msiseme mambo ya gari yana nini na dini. Vumilieni mpaka mwisho, in shaa Allah mtaona.

Sisi tumezaliwa Koyama, katika visiwa vya Wabajuni, kusini ya Kismayo. Wasioijua waelewe kwamba ni kisiwa cha wavuvi. Utoto wetu ulikuwa wa mashua, nyavu, kamba wa baharini na maji ya bamvua. Gari hatukuliona kisiwani hata moja. Injini tulizozijua ni zile za kufunga nyuma ya chombo, ambazo kwetu zaitwa mashine tu, nazo zilikuwa chache, za kuhesabika.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akizitengeneza. Hakusoma popote ufundi. Alikuwa na bisibisi mbili, spana ya plagi, kipande cha msasa na chupa tupu ya kioo, basi. Watoto tukimwita Babu ingawa hakuwa babu yetu wa damu. Mashine ikikataa kuwaka aliitwa yeye, naye akija alikuwa na desturi moja iliyowaudhi vijana: alikaa kwanza. Hakugusa kitu. Aliuliza, "Ilizimwa vipi? Ilikufa ghafla au ilikohoa? Nani aliigusa mwisho? Mafuta yalitoka dumu gani?"

Tunaukumbuka usiku mmoja. Mama mmoja alishikwa na uchungu wa uzazi, na mkunga akasema hili limemshinda, apelekwe Kismayo. Wanaume wakambeba mpaka pwani, wakamlaza kwenye chombo, wakaanza kuvuta kamba ya mashine. Ikawa yazunguka, haiwaki. Wakapokezana kuvuta mpaka viganja vikachubuka. Kila mmoja ana lake: huyu asema plagi, yule asema kabureta, mwengine asema ni jicho la hasidi, kwa kuwa mashine ilikuwa mpya machoni mwa watu. Na yule mama analia.

Babu akafika, akasema, "Wachani kuvuta." Akachukua ile chupa, akatia mafuta kidogo kutoka kwenye tangi, akaimulika kwa kurunzi. Tukasogea kuangalia. Chini ya chupa kulikuwa na tabaka la kitu kingine, cheupe, kimejitenga na petroli. Yalikuwa maji. Dumu lilikuwa limeingia maji, na maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na chini ndiko mpira wa mafuta unakofyonza. Akamwaga ya chini, akayachuja ya juu kwa kitambaa, akayatoa maji yaliyokuwa ndani ya kabureta, akaikausha plagi. Kamba ikavutwa mara tatu, mashine ikawaka. Alhamdulillah, mama alifika salama na mtoto akazaliwa hai.

Alfajiri tulimuuliza Babu alijuaje kuwa ni maji. Akatujibu, "Sikujua. Niliangalia." Kisha akatufundisha maneno ambayo tuliyahifadhi kama watoto wanavyohifadhi Juzuu Amma: mashine yataka vitu vinne tu, moto, mafuta, hewa na nguvu ya kubana. Vikiwapo vyote vinne kwa wakati wake itawaka, ipende isipende. Ikikataa, kimoja hakipo. Kitafute, usikikisie.

Deni lenyewe

Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991, na pwani ya Kismayo ikawa uwanja wa vita vya wenye silaha. Wabajuni hatukuwa na jeshi wala bunduki. Watu waliporwa vyombo na nyavu, wengine wakauawa. Katika kaskazi ya mwaka 1992 mjomba wetu aliamua kutuhamisha. Chombo alikuwa nacho, mashine hakuwa nayo. Akaenda kwa Babu, naye akampa mashine yake mwenyewe, ya nguvu za farasi 15, kwa bei waliyokubaliana na kwa ahadi ya kulipwa. Hapakuandikwa karatasi. Tulipita Ras Kamboni, tukapita Kiunga na Lamu, mpaka tukafika Mombasa, roho zetu zimo mwetu. Wengi wa watu wa visiwani waliofika Mombasa miaka ile waliishi kambi ya wakimbizi ya Jomvu, nasi tulikuwa miongoni mwao.

Mashine ile mjomba aliiuza ili tule. Babu alifariki kisiwani miaka michache baadaye, Allah amrehemu. Deni likabaki.

Mjomba aliishi nalo kifuani. Kila alipopata kitu kidogo, palikuwa na ada ya skuli, kodi ya nyumba au ugonjwa. Hata alipokuwa mtu mzima akapata pahali pa kupumua, alinunua kwa bei ya chuma chakavu gari kuukuu la spoti, la Kijapani, la milango miwili, lililotengenezwa mwaka 1974. Tulimcheka. Lakini magari ya namna hiyo aliyapenda tangu ujana wake, alipokuwa akija Mombasa na majahazi ya samaki wakavu. Mwaka 1973 alisikia kwenye redio jinsi Shekhar Mehta alivyoshinda mbio za Safari kwa Datsun 240Z, yeye na mpinzani wake wakiwa wamemaliza na alama sawa. Mpaka uzeeni alikuwa akituhadithia mbio zile kama vile yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani.

Alilitengeneza polepole kwa miaka mingi. Kila kifaa kipya alichokitia alikipaka alama ya rangi nyekundu. Alipougua akatuita, akasema, "Gari hili si la urithi. Liuzeni, mulipe mashine ya Koyama." Hakuna kati yetu aliyejua kuwa miaka yote ile alikuwa akitengeneza deni lake.

Mjomba alifariki, inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nyinyi mnajua uzito wa deni kwa maiti. Qur'ani katika Suratun Nisaa imetanguliza wasia na deni kabla ya warithi kugawana. Na Mtume (S.A.W.) alijizuia kumsalia mtu aliyekufa na deni, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipojitwika deni lile. Kwa hivyo tuliona shingo zetu zimefungwa.

Kukisia

Tuliacha mke wa mjomba amalize eda yake, miezi minne na siku kumi, kwa kuwa gari lilikuwa uani kwake. Tukapata mnunuzi kutoka Nairobi, mpenda magari ya zamani. Akasema atakuja Jumamosi. Likiwaka mbele yake atalipa bei tuliyosema. Lisipowaka atalichukua kwa chini ya nusu. Nusu ile isingelipa deni.

Jumatatu tukatia ufunguo. Stata ikazungusha injini vizuri, kwa nguvu, lakini injini haikuwaka. Tukarudia, hola. Tukarudia mpaka betri ikachoka.

Sasa tazameni ujinga wetu. Jambo la kwanza tulinunua betri mpya. Betri! Na ilhali injini ilikuwa ikizunguka kwa kasi, jambo ambalo lenyewe ni ushahidi kuwa betri na stata ni nzima. Jumanne tukanunua plagi sita mpya. Haikuwaka. Jumatano jirani akasema hili ni husda, lisomewe. Tukasoma, na kisomo ni kheri, wala hatukikatai. Lakini yule bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) habari ya ngamia wake aliambiwa amfunge kisha ategemee. Sisi tulikuwa tunategemea na ngamia hatujamfunga.

Halafu tukafanya kosa kubwa kuliko yote. Kabla mjomba hajafariki, fundi kijana wa mtaani alikuja kusafisha kabureta zote mbili. Siku ile gari liliwaka. Hakuna aliyeligusa tena baada yake. Basi sisi tukahukumu: amebadilisha koili, ametoa mpya ya mjomba akatia mbovu. Hatukuwa na ushahidi wowote, ila kwamba yeye alikuwa wa mwisho. Jumatano baada ya Isha tukalisema jambo hili barazani, mbele za watu. Alhamisi asubuhi tukasikia mtu mmoja amekwenda kuchukua pikipiki yake kwenye karakana ya kijana yule, haijaguswa, asema hataki kuibiwa.

Kuangalia

Alhamisi ile dada yetu ndiye aliyetukumbusha. Alikuwa amekaa kizingitini, akasema, "Babu angekuwa hapa, angekwisha kuvuta kamba?" Tukanyamaza. Akaleta daftari la mtoto wake, akachora vyumba vinne, akaandika moto, mafuta, hewa, kubana. Akasema hatununui kitu tena wala hatutaji jina la mtu mpaka vyumba hivi vijae.

Tulianza na kubana. Tulisikiliza injini ikizunguka. Ilikuwa na mapigo ya sawasawa, kila silinda ikishindana na stata. Mnyororo wa ndani unaoendesha valvu ungekatika, injini ingezunguka kwa wepesi usio wa kawaida na bila mapigo. Tukaweka alama ya vyema.

Hewa: tulifungua chujio, hapakuwa na kiota cha panya wala kitambaa. Vyema.

Mafuta: kipimo cha mafuta tuliona hakiaminiki kwa gari la umri ule. Tukatoa mafuta ya zamani, tukayatia kwenye chupa ya kioo kama alivyofanya Babu. Maji hayakuwamo, ila harufu yake ilikuwa ya rangi iliyooza. Tukatia lita tano mpya. Tukachomoa mpira kabla ya kabureta, tukauelekeza chupani, tukapiga stata: mafuta yakaruka kwa mapigo. Pampu nzima. Tukauregesha mpira, tukapiga stata tena, kisha tukatoa plagi. Zilikuwa zimelowa. Maana yake mafuta yanafika mpaka ndani na hayachomwi.

Hapo tulisimama. Hili nalo vijana lisikieni vizuri: petroli na cheche havikai pamoja. Tulifuta kila tone, tukaondoa chupa uani, tukafungua milango hewa ipite, tukasubiri, tukaweka ndoo ya mchanga karibu. Ndipo tukaja kwenye moto.

Tulichukua plagi moja, tukaichomeka kwenye waya wake, tukaiegemeza kwenye chuma cha injini mbali na matundu ya plagi, tukiishika kwa koleo lenye mpira mikononi. Stata ikapigwa. Cheche hakuna. Plagi ya pili, hakuna. Zote sita, hakuna. Wakati ule mmoja wetu akaruka akasema, "Si nimesema, ni koili!" Dada akamwambia, "Hujaona. Umesema tu."

Tukatengeneza taa ya kupimia: balbu ndogo ya gari na nyaya mbili. Waya mmoja kwenye bodi, wa pili kwenye koili upande unaotoka kwa ufunguo. Taa ikawaka, basi umeme unafika. Tukauhamisha waya upande wa pili wa koili, unaokwenda kwenye distributa. Katika magari ya zamani, ndani ya distributa mna pointi mbili ndogo za chuma zinazokutana na kuachana injini inapozunguka. Zikikutana umeme hupata njia ya kushuka kwenye bodi, na taa huzima. Zikiachana taa huwaka. Na ni katika kuachana huko ndipo koili hutoa ule umeme mkali wa plagi. Kwa hivyo stata ikipigwa, taa ile yapaswa kupepesa.

Yetu haikupepesa. Ilikaa imewaka, kimya, kama jicho lisilofumba. Umeme ulikuwa haupati njia ya kushuka. Pointi zilikuwa zikikutana, au zikionekana kukutana, lakini hazigusani kweli.

Tukafungua kifuniko cha distributa. Nyuso za pointi zilikuwa na kutu nyembamba ya kijivu na kijani. Miezi minne na zaidi karibu na bahari, chumvi na unyevu, bila ya injini kuwashwa hata siku moja. Hapana mwizi. Ni hewa ya Mombasa tu na kusubiri kwetu. Na tulipokuwa tukifuta vumbi kwenye koili, tukaiona alama ya rangi nyekundu ya mjomba. Ni ile ile.

Tulisugua pointi kwa msasa laini, tukazifuta kwa kitambaa kikavu, tukapima nafasi yake zikiwa zimeachana, kama nusu milimita. Taa ikapepesa. Plagi ikatoa cheche ya buluu. Tukazikausha plagi, tukazifunga, tukasema Bismillah. Injini ikawaka kwa mngurumo uliomtoa mke wa mjomba jikoni, akiwa na mwiko mkononi, analia na kucheka.

Msasa ule hata thamani yake hatuwezi kuitaja, ulikuwa kipande kilichobaki cha kusugulia mlango.

Kwa fundi

Furaha yetu haikufika Magharibi. Gari limewaka, lakini jina la kijana wa watu tumelizima. Allah (S.W.) ametukataza katika Suratul Hujuraat kufuata dhana nyingi na kusengenyana, na katika Suratul Israa ametukataza kufuata tusilokuwa na ujuzi nalo, na kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Aya hizo tulizijua. Wawili kati yetu tumezifundisha madrasa!

Tulikwenda karakanani kwake. Tulimwambia yote bila ya kupunguza. Alinyamaza muda mrefu, akifuta mikono kwa tambara. Kisha akasema, "Nyinyi ni wakubwa zangu. Mungeniita mukaniuliza, ningekuja kuwaangalilia bure. Marehemu alikuwa akinilipa kabla sijamaliza kazi." Maneno hayo yalituuma kuliko kama angetutukana.

Akatusamehe. Lakini tulijua kuwa msamaha wake hautoshi, kwa sababu maneno tuliyasema barazani. Basi usiku ule baada ya Isha tulisimama pale pale, mbele ya wale wale, tukasema tumemdhulumu na tumekosa. Ilikuwa nzito. Wengine walitazama chini. Mwenye pikipiki alikuwapo, na asubuhi yake akairudisha.

Mashine kwa mashine

Jumamosi mnunuzi alikuja. Kabla hajauliza tulimwonesha kutu iliyo chini ya zulia upande wa abiria, kwani kuficha aibu ya bidhaa kunaondoa baraka. Akapunguza bei kidogo, akalipa.

Ikabaki hesabu ya deni. Shilingi ya Somalia ya wakati ule siyo ya leo, na bei waliyokubaliana ukiihesabu leo kwa shilingi zile zile haifiki kununua mashine kama ile. Tulimuuliza shekhe wetu, akatushauri tukae na warithi tupatane kwa haki. Tuliwasiliana na wajukuu wa Babu waliobaki Koyama. Jibu lao lilikuwa fupi: "Hatutaki pesa. Babu alitoa mashine, leteni mashine." Tukanunua mashine ya nguvu za farasi 15, tukaisafirisha mpaka ikafika.

Siku ya tatu mjukuu mmoja, kijana wa miaka kama ishirini, alitupigia simu. Sauti ilikuwa ikikatika kwa upepo. "Ami, mashine yenu yazunguka haiwaki!" Nyuma yake tukasikia watu wanabishana, huyu plagi, yule kabureta.

Tulitazamana. Tukamwambia waache kuvuta. Tukamuuliza iliwaka jana? Ndiyo, iliwaka kidogo ikafa. Ule mpira wa kusukuma mafuta ukoje, mgumu au umenywea? Umenywea. Tukamwambia, "Angalia juu ya kifuniko cha tangi, kuna skrubu ndogo ya kuingiza hewa. Imefunguliwa?" Kimya. Kisha kicheko cha watu wengi, kisha kamba ikivutwa, kisha sauti ambayo hatukuisikia tangu tulipoondoka kisiwani.

Hatukumwambia kwamba elimu ile ilikuwa ya babu yake. Tutamwambia tukionana, in shaa Allah.

Nasaha zetu kwa familia

Kwanza, wazazi, andikeni madeni yenu na muwaambie watoto wenu. Mjomba angefariki ghafla, tungeliuza gari na kugawana, na deni lingebaki shingoni mwake.

Pili, vijana, jambo likikataa, iwe ni injini, ni mtihani wa skuli au ni ndoa yenye mvutano, kaeni kwanza muulize limesimama wapi. Yaliyo mazima yawekeni kando moja moja. Kilichobaki ndicho cha kushughulikia.

Tatu, mtu kuwa wa mwisho kugusa kitu si ushahidi. Ukiwa na shaka naye, mwendee umuulize yeye, usiende barazani.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu mjomba wetu, amrehemu mzee wa Koyama, na awape amani ndugu zetu wa visiwani na wa pwani yote ya Kismayo. Atusamehe dhana zetu mbaya, na atupe subira ya kuangalia kabla ya kusema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.